Injini Imekubali, Tangi Halijakubali

Kuna neno ambalo Kiswahili cha Dar es Salaam kililitoa ndani ya tangi la mafuta. Kuchakachua. Watu wa rika langu wanakumbuka lilivyovuma miaka ya 2009 na 2010. Lilianza kwa petroli na dizeli iliyotiwa mafuta ya taa, kisha likatoka sheli, likaingia kwenye siasa, kwenye vibanda vya chipsi, kwenye mapenzi. Hata leo ukimnong'oneza dada yako kwamba mchumba wake kachakachua umri, hahitaji kamusi.

Chanzo chake kilikuwa hesabu ya kawaida ya mfanyabiashara. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo kwa sababu ni mafuta ya mnyonge, ya kibatari na jiko la utambi, kwa hiyo aliyeyamimina kwenye petroli au dizeli alijipatia faida kila lita. EWURA, wadhibiti wa nishati na maji nchini, wakaleta vinasaba, kemikali inayotiwa kwenye mafuta yaliyolipiwa kodi ili mkaguzi akipima ajue kama yameongezwa kitu. Bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa, na mnyonge akaumia yeye, lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Mimi siku hizo nilikuwa kijana wa mkono kwenye karakana ya ndege ndogo, upande wa uwanja wa zamani, Terminal One, kule zinakoondokea ndege za Zanzibar na Mafia zenye abiria wasiojaza hata Hiace. Fundi mwenye leseni tulimwita Mzee tu. Alikuwa na chupa. Ndiyo ninayotaka kuisimulia, maana kila ninaposikia watu wakibishana kama petroli yenye ethanoli inafaa kwenye ndege, naiona ile chupa ikiwa juu ya dirisha la karakana, mwanga wa jua ukipita ndani yake.

Kwanza nieleze kwa nini fundi wa ndege ajishughulishe na petroli ya sheli. Watu wengi wakiona ndege ndogo wanadhani zote zinakunywa kitu kimoja. Hapana. Zile Cessna Caravan zinazovuka kwenda Zanzibar ni za tabini, na zinakunywa Jet A-1, ndugu wa karibu kabisa wa mafuta ya taa. Zinazobaki, zenye injini ya pistoni kama ya gari, zinahitaji petroli ya ndege, avgasi, na inayopatikana sana duniani ni 100LL, yenye rangi ya buluu. Kwa kuwa wateja wake ni wachache, avgasi ilikuja kwa mapipa, ikachelewa, na bei yake ikaiacha petroli ya sheli mbali sana. Kuna wiki tulikaa na ndege tatu nzima, safi, zimefutwa mpaka zinang'aa, haziruki kwa sababu mapipa hayajafika.

Mapipa yenyewe yalikuwa na elimu yake. Mzee hakuruhusu pipa lisimamishwe. Ukilisimamisha, mvua ya masika inatuama juu ya kifuniko, usiku pipa likipoa hewa ya ndani inasinyaa na kuyavuta yale maji kupitia nyuzi za kifuniko, na asubuhi unakuta maji yamelala chini ya mafuta bila mtu kuyatia. Kwa hiyo tuliyalaza, vifuniko viwili vikikaa kwenye saa tatu na saa tisa. (Mahali pekee ninapojua ambapo saa ya Kiswahili na saa ya Kizungu hazigombani: ukizibadilisha, vifuniko vinabaki palepale.)

Petroli ya gari kwenye ndege si jambo la kihuni kama linavyosikika. Marekani, chama cha marubani wapenda ndege cha EAA kilipata kibali cha kwanza cha aina hiyo mwaka 1982, kwa Cessna 150, na baada ya hapo ndege nyingi za injini za kompresheni ndogo zikaruhusiwa. Injini za Rotax 912 kutoka Austria, zinazobeba ndege nyingi nyepesi za viti viwili, zinapendelea hasa petroli ya sheli. Zinywesheni avgasi muda wote na mwongozo unakutaka ubadilishe oili kila saa 50 badala ya 100, kwa sababu avgasi ina madini ya risasi na masalia yake yanatuama ndani ya oili na kwenye giaboksi. Masharti yapo, lakini vibali vile vya Marekani vina sharti moja ambalo halina mjadala: petroli isiwe na pombe.

Ndiyo, pombe. Ethanoli ni ileile iliyomo kwenye gongo, imesafishwa tu na kukaushwa maji. Nilipomwambia hivyo konda mmoja wa daladala za Gongo la Mboto, zinazopita mbele ya uwanja kutwa, alicheka hadi akasahau chenji yangu. Nchi nyingi zinaichanganya kwenye petroli kwa sababu inatoka shambani, kwenye miwa na mahindi, na inapunguza petroli ya kununua nje. Majirani zetu Malawi wanaichanganya tangu 1982, kutoka kiwanda cha Dwangwa kando ya ziwa. Zimbabwe walianza 1980 kule Triangle. Uingereza petroli ya kawaida imekuwa E10, yaani yenye hadi asilimia kumi ya ethanoli, tangu Septemba 2021. Hakuna anayeita huo uchakachuaji, maana serikali yenyewe ndiyo imesema changanya, na gari la kisasa halina shida nayo.

Sasa chupa.

Ilikuwa ya kioo, nyembamba, imenyooka kutoka chini hadi juu bila bega, na Mzee alikuwa ameichora mikwaruzo kwa msumari kila mililita kumi. Petroli yoyote iliyoletwa kwa dumu ilipita mikononi mwake mara mbili. Mara ya kwanza alidondosha tone kwenye karatasi nyeupe na kuiacha ikauke. Petroli safi hukauka na kuondoka kama haikuwahi kuwepo. Ikiwa na mafuta ya taa huacha doa la mafuta, kama karatasi iliyofungiwa maandazi. Mara ya pili alitia maji kwenye chupa hadi mkwaruzo wa ishirini, akajaza petroli juu yake hadi mia mbili, akaziba kwa kidole gumba, akatikisa, akaiweka dirishani na kuendelea na kazi yake.

Maji yanakaa chini na petroli juu. Petroli ikiwa haina pombe, mstari kati yao unarudi palepale, ishirini. Ikiwa na pombe, mstari unapanda, kwa sababu ethanoli inayapenda maji kuliko inavyoipenda petroli. Ikipata nafasi inahama chini na kuyafanya maji yaonekane yameongezeka. Hakuna mashine hapo, hakuna betri. Nilimuuliza kwa nini hanunui kipimo cha kisasa. Akasema, "Kijana, hiki hakiishi chaji."

Kwa miezi kadhaa mstari haukuwahi kusogea. Petroli tuliyonunua Barabara ya Nyerere ilirudi ishirini kila siku, na mimi nikaanza kuona tunapoteza muda. Mpaka alipotua bwana mmoja kutoka kusini.

Alikuwa na ndege ya viti viwili, mabawa ya faibaglasi, nyeupe kama yai, injini Rotax ya farasi 100. Mfanyabiashara, mzaliwa wa Moshi, mcheshi, mwenye mkono mwepesi kwa vijana wa karakana. Alikuwa amezunguka Malawi wiki mbili na njiani alijaza petroli ya kawaida ya barabarani, na madumu mawili ya ishirini aliyaleta nyuma ya kiti kama akiba. Alitaka tukague ndege, tubadilishe oili, tummiminie yale madumu, aendelee na safari ya Tanga.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Hii petroli umeitoa wapi?"

Akaeleza. Mzee hakusema kitu, akachukua chupa. Nilikuwa nimesimama pembeni na nakumbuka nilivyoinama kuangalia mstari ukitulia. Ishirini ikapita. Thelathini ikapita. Ukasimama kwenye thelathini na saba hivi. Mililita kumi na saba za kitu ambacho si maji wala petroli zilikuwa zimehamia chini, kutoka mia na themanini za petroli. Karibu sehemu moja ya kumi.

Yule bwana hakutishika hata kidogo, na kwa haki kabisa, maana alijua anachokisema. Alitoa kitabu cha injini kwenye begi, akafungua ukurasa, akamwonyesha Mzee: Rotax wanaruhusu ethanoli hadi asilimia kumi. Imeandikwa na waliotengeneza injini. Mzee akasoma taratibu, akiwa amevua miwani kama afanyavyo akisoma vitu vya karibu, akamrudishia.

"Injini imekubali," akasema. "Tangi je?"

Kitabu cha pili, cha waliotengeneza ndege yenyewe, kilikuwa kinene zaidi na kilikuwa bado kipya, hakijafunguliwa sana. Tulitafuta wote watatu. Ukurasa wa mafuta ulisema petroli ya gari inaruhusiwa, isiyo na risasi, isiyo na pombe. Mstari mmoja tu. Waliotengeneza injini walizungumzia vilivyomo ndani ya injini: kabureta zao, mipira yao, pampu yao. Hawawezi kumsemea mtu aliyejenga tangi ndani ya bawa kwa nyuzi za kioo na gundi ya resini, wala aliyechagua mabomba na oringi za kupitishia mafuta hadi kwenye injini. Na ethanoli inakula vitu ambavyo petroli peke yake haivigusi. Inalainisha baadhi ya resini na gundi za kuzibia matangi, inavimbisha mipira ya aina fulani na kuikakamaza mingine, inachochea kutu kwenye alumini. Ndege za kale zenye boya la koki kwenye kipimo cha mafuta, kama Piper Cub, zilipakwa vanishi inayoyeyuka kwenye pombe. Koki ikivuliwa koti lake inakunywa mafuta, inazama, na kipimo kinakudanganya ukiwa angani.

Bwana akasema ndege imetumia petroli hiyo wiki mbili na haijakohoa.

Mzee akaniambia nitoe mafuta yote kwenye tangi la kushoto na nifungue kichujio kilichoko mdomoni mwa tangi, ule wavu mdogo wenye umbo la kidole ambao mafuta hupita kabla ya kuingia kwenye bomba. Nilichukua nusu saa, maana vidole vyangu siku hizo vilikuwa bado vinaogopa shaba. Ulipotoka, kwenye nusu yake ya chini ulikuwa umevaa utando wa rangi ya asali. Niliugusa ukanata kwenye kidole na kuvutika kama ulimbo wa kunasia ndege wadogo utotoni. Ulikuwa ukuta wa tangi. Si wote, bila shaka, utando mwembamba tu wa ndani uliolainika na kuanza kusafiri kuelekea kwenye injini. Wavu ulikuwa umeziba zaidi ya nusu.

Sitasahau kimya kilichofuata. Yule bwana aliuchukua ule wavu, akaushika juu dhidi ya mwanga, na nilimwona akihesabu kimoyomoyo milima aliyopita juu yake.

Tukio hilo ndilo watu hulipenda ninapolisimulia, kwa sababu lina ulimbo na lina mtu aliyeponea chupuchupu. Lakini si hilo lililonisumbua baadaye. Gundi inayeyuka, unabadilisha gundi. Mpira unavimba, unaweka mpira mwingine. Hayo ni mambo ya duka la vipuri. Kilichonisumbua ni kitu alichokisema Mzee jioni ile, tukinawa mikono kwa sabuni ya unga, na mimi sikukielewa.

"Mbaya zaidi ni kwamba imetunyang'anya jicho."

Kila asubuhi kabla ya kuruka, rubani wa ndege ya pistoni anachuruza mafuta kidogo kutoka sehemu ya chini kabisa ya kila tangi, kwenye kikombe kinachoonyesha ndani, na kukiangalia. Maji ni mazito kuliko petroli: lita moja ya petroli ina uzito wa karibu gramu 740 na ya maji gramu 1,000. Kwa hiyo yakiwemo yamezama, na kwenye kikombe utayaona yamejitenga kama shanga. Unayamwaga, unachuruza tena, mpaka kikombe kiwe kitupu cha shanga. Katika mji kama wetu, ambako upepo wa bahari unabeba unyevu mpaka chumvi inagandamana mezani, tangi nusu tupu linapumua hewa hiyo usiku kucha kupitia tundu lake la hewa. Maji yanaingia. Kukagua ni jambo la dakika mbili na limeokoa watu wengi kuliko parachuti.

Ethanoli inayaficha. Ikiwemo kwenye petroli inayameza maji na kuyayeyusha, na mchanganyiko unabaki safi machoni kama chozi. Unachuruza, unaangalia, hakuna shanga, unaridhika. Hata faneli yenye wavu unaokataa maji inazuia maji yaliyo huru tu. Yaliyokwisha kumezwa na pombe yanapita pamoja nayo bila kubisha hodi. Petroli yenye asilimia kumi ya ethanoli inaweza kubeba karibu nusu mililita ya maji kwa kila mililita mia kwenye nyuzi joto 15. Kwenye joto la Dar inabeba zaidi kidogo. Kwenye baridi inabeba pungufu. Ndege, tofauti na bodaboda, kazi yake ni kulipeleka tangi kwenye baridi. Kwa kila futi elfu moja unazopanda, hewa inapoa nyuzi mbili hivi. Unaondoka hapa na nyuzi 32, ukifika futi 9,500 kuelekea Iringa uko kwenye 13. Pombe iliyokuwa imeyashika maji inazidiwa, inaiachia petroli, na kwa kuwa inayapenda maji zaidi, inashuka nayo chini ya tangi, pale pale bomba linapovuta. Injini inapewa maji yenye pombe. Na petroli iliyobaki juu imepoteza sehemu ya oktani yake, yaani uwezo wake wa kuzuia injini isigonge, kwa sababu oktani hiyo ilikuwa inatoka kwenye ile ethanoli iliyohama.

Gari likipata hivyo unaegesha Chalinze na kupiga simu.

Kuna mengine, niyapitie haraka. Ethanoli ina nguvu kama theluthi mbili tu ya petroli kwa lita, ingawa kwenye mchanganyiko wa asilimia kumi unapoteza asilimia tatu au nne tu, ambayo rubani mwenye akiba hataisikia. Inavukizwa kwa joto jingi zaidi, kwa hiyo inapoza koo la kabureta na kuongeza uwezekano wa barafu kujijenga humo, na ndiyo, kabureta inaganda hata kwenye nchi za joto. Unyevu wetu unasaidia. Halafu kuna mvuke. Ethanoli peke yake haina pupa ya kuvukiza, lakini ukiitia kidogo kwenye petroli inaifanya petroli ivukize kwa wepesi zaidi ya ilivyokuwa. Ndege iliyosimama juani saa saba mchana Februari, lami inachemka, mabomba yamepita karibu na injini yenye moto: petroli inageuka mvuke ndani ya bomba, pampu inavuta mapovu, injini inamisi. Ndege zenye mabawa juu zina nafuu kwa kuwa mafuta yanashuka yenyewe. Zenye mabawa chini, ambazo pampu inavuta mafuta kupandisha, ndizo zenye mashaka.

Msomaji makini ataniuliza kuhusu Brazil. Swali zuri, na lilinichanganya muda mrefu. Mwaka 2004 Embraer walipata cheti cha Ipanema, ndege ya kunyunyizia dawa mashambani, iruke kwa ethanoli tupu, ndege ya kwanza duniani ya kutoka kiwandani kuidhinishwa hivyo. Na ethanoli inayouzwa kwenye vituo vya Brazil siyo hata kavu, ina maji ndani yake. Iweje wao waruke na pombe yenye maji na sisi tuogope asilimia kumi?

Jibu ni kwamba kwenye tangi la Ipanema hakuna wa kuachana. Pombe na maji vinachanganyika kwa kiwango chochote, baridi au joto, havitengani. Wameitengeneza ndege kwa ajili hiyo, mabomba, matangi, mfumo wa kupuliza mafuta, na wanajua injini itakunywa zaidi. Shida yetu ni ndoa ya watatu: petroli na maji hawasemezani kabisa, na ethanoli imekaa katikati ikiwashika mikono wote wawili. Siku ya baridi inamwachia mmoja. Siku zote ni yuleyule.

Na kabla sijaonekana mtetezi wa avgasi, niseme jingine, kwa sababu nililelewa Kiwalani na ndege zimepita juu ya bati letu maisha yangu yote. Ile 100LL ya buluu ina risasi hadi gramu 0.56 kwa lita. Hiyo ni tetraethili, dawa ya kuzuia injini isigonge iliyogunduliwa na Thomas Midgley huko General Motors mwaka 1921, ambayo magari ya Afrika kusini mwa Sahara yaliachana nayo ilipofika 2006 na dunia nzima ikaimaliza kwa magari mwaka 2021, Algeria ikiwa ya mwisho. Ndege za pistoni bado. Ndege nyingi zilizopita juu ya bati letu zilikuwa za jeti na tabini, ambazo hazina risasi, kwa hiyo sidai kitu. Lakini mimi nilisuuza vichujio vya avgasi kwa mikono mitupu kwa miaka minne na hakuna aliyenipa glavu, na nadhani fundi yeyote kijana anayesoma hapa akazitafute leo. Kaunti moja ya California ilipiga marufuku kuuza avgasi yenye risasi kwenye viwanja vyake tangu Januari 2022, na Septemba ya mwaka huo mamlaka ya anga ya Marekani ikaidhinisha G100UL, avgasi isiyo na risasi, kwa injini zote za pistoni. Haina ethanoli. Watu waliokaa miaka mingi kutafuta mbadala wa risasi, huku ethanoli ikiwa ipo, ya bei rahisi na yenye oktani ya juu, waliipita wakaenda kutafuta kwingine.

Yule bwana aliacha ndege kwetu wiki sita. Tangi lilikwanguliwa na kupakwa upya na fundi wa faibaglasi wa boti kutoka Msasani, ambaye Mzee alimsimamia kama mkwe, na bomba zote zikabadilishwa. Yale madumu mawili alituachia. Mimi nilichukua moja, nikalitia kwenye pikipiki yangu, nikaenda nalo hadi Kibaha na kurudi mara kadhaa, na pikipiki haikulalamika hata siku moja. Hiyo nayo niliihifadhi kichwani.

Miaka imepita. Mzee amerudi kwao Muheza, mimi natengeneza injini za boti. Mwaka jana, baada ya kubishana na rubani kijana aliyeniambia haya mambo ya maji ni hadithi za wazee, nikaamua nione kwa macho. Nilinunua ethanoli kavu kwenye duka la vifaa vya maabara, nikachanganya nusu lita: sehemu tisa petroli, sehemu moja ethanoli. Nje, uani, mbali na jiko, na ndoo ya mchanga kando. Kisha kwa bomba la sindano nikaongeza maji, tone, natikisa, tone, natikisa. Mililita mbili, na kidogo zaidi. Chupa ikabaki safi. Nikaishika mbele ya gazeti nikasoma vichwa vya habari kupitia ndani yake.

Kesho yake asubuhi nilipita soko la samaki la Feri nikanunua barafu ya vipande, ile wanayofunikia vibua. Nikaijaza kwenye ndoo, nikatia maji, nikaizamisha chupa hadi shingoni, na kipimajoto cha kioo ndani yake. Mtoto wa dada yangu, wa darasa la tatu, alivuta kigoda akakaa kwa umbali niliompangia. Ishirini na tano, hakuna kitu. Ishirini. Kumi na tano, akaanza kuchoka. Tulipopita kumi na mbili nikaona kama nimechafua miwani. Nikaifuta. Haikuwa miwani. Kilianza kama ukungu chini, kikapanda, na kabla zebaki haijafika kumi chupa nzima ilikuwa nyeupe, nzito, kama tui la kwanza. Tukaiacha itulie, na chini kabisa likajikusanya tabaka jembamba, na mstari wake ulionekana wazi.

"Anko, umetia maziwa saa ngapi?"

"Siyo maziwa. Ni maji."

"Umeyatia saa ngapi?"

"Jana."